Milimita 40 zilizokaribia kubadilisha dawa: kisa cha ultrasaundi katika saratani ya titi

Wiki ya nne ya kemotherapi, ripoti ya ultrasaundi inasema uvimbe wa titi la kushoto una milimita 40. Ripoti ya kabla ya dawa ilisema 38. Mgonjwa anasema uvimbe umelainika na siku hizi haumuumizi akilala kifudifudi. Daktari wa saratani akiupapasa anaona umepungua. Karatasi inasema umekua. Inabidi uamuzi utolewe kabla ya dripu ya tatu: dawa zimeshindwa zibadilishwe, mgonjwa apelekwe kwenye upasuaji mapema, au aendelee?

Kisa hiki kimetungwa kwa kufundishia, na namba zake zimepangwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kosa lililomo ndani yake halikutungwa. Hutokea kila mahali ambapo mtu mmoja anapima leo na mwingine anapima baada ya mwezi, huku kilichopita kati yao ni namba moja tu iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mgonjwa na mpango wa dawa

Ni mwanamke wa miaka 46 aliyeugusa uvimbe mwenyewe akioga. Biopsi ya sindano nene ya geji 14 ilionyesha saratani vamizi ya mirija ya maziwa, daraja la 3, isiyo na vipokezi vya estrojeni wala vya projesteroni, protini ya HER2 alama 0, Ki-67 (kipimo cha seli zinazogawanyika) asilimia 70. Hiyo ndiyo saratani inayoitwa hasi tatu, kwa kuwa vitu vitatu havimo: vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni, na HER2. Tezi moja ya kwapa la kushoto ilichomwa sindano pia, ikakutwa na seli za saratani. Uvimbe wa mm 38 na tezi ya kwapa ambayo bado inasogea ni T2 N1: T ni ukubwa wa uvimbe, N ni hali ya tezi. Vipimo vingine havikuonyesha kusambaa mbali.

Saratani ya aina hii, ikifikia ukubwa huu, kwa kawaida huanza kutibiwa kwa dawa na kisu hufuata. Uvimbe ukisinyaa, upasuaji unaweza kuhifadhi titi. La muhimu zaidi, mwitikio wa uvimbe wenyewe unatoa habari ambayo haipatikani kwa njia nyingine: mgonjwa ambaye patholojia haikuti saratani vamizi yoyote kwenye titi wala kwenye tezi baada ya dawa ana matumaini makubwa kuliko yule aliyebaki na seli hai, na yule aliyebaki nazo anaweza kuongezewa dawa baada ya upasuaji.

Alipangiwa doksorubisini mg 60 na siklofosfamaidi mg 600 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kila siku 14, mara 4. Baada ya hapo paklitakseli mg 80 kwa kila mita ya mraba kila wiki, mara 12. Siku hizi, pale inapopatikana, pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, huongezwa kwenye matibabu ya hasi tatu pamoja na karboplatini, hapa havikutumika.

MRI ndiyo inayokadiria mabaki ya uvimbe vizuri kuliko vipimo vingine vya picha. Ila MRI haifanywi kila mwezi kwa kila mgonjwa, na ultrasaundi haina mionzi, haihitaji dawa ya mshipani, inaona kwapa na titi kwa kikao kimoja, na inarudiwa bila madhara. Vigezo vya RECIST 1.1 vya mwaka 2009, vinavyotumika kwenye majaribio ya dawa, haviikubali ultrasaundi kuwa chombo cha kupimia uvimbe, kwa hoja kwamba picha yake inategemea mkono ulioshika probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, na haiwezi kurudiwa ilivyokuwa. Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Ndiyo maana anayeitumia kufuatilia dawa ana wajibu wa kupima kwa namna ambayo mwenzake, asiyemjua na asiyekuwepo, ataweza kuirudia.

Kipimo cha kwanza

Siku ya kwanza kazi ilifanywa vizuri, na hilo ndilo lililookoa mambo baadaye. Probu ilikuwa bapa ya masafa ya juu, 14 MHz, na kwa titi haifai kushuka chini ya 12. Mgonjwa alilazwa chali, akageuzwa kidogo kuelekea kulia, mto ukawekwa chini ya bega la kushoto, na mkono wa kushoto ukapandishwa nyuma ya kichwa. Mkao huu si wa kumstarehesha mgonjwa tu. Unalitandaza titi juu ya misuli ya kifua ili sehemu ya nje iwe nyembamba, mawimbi yasisafiri mbali, na uvimbe usiogelee. Mkono ukishushwa, titi lilelile linajikunja na uvimbe uleule unabadilika umbo. Kina cha picha kiliwekwa ili misuli ya kifua ionekane chini kabisa, basi, bila kuacha nusu ya skrini kwa mapafu. Fokasi iliwekwa usawa wa uvimbe.

Mahali pa uvimbe paliandikwa hivi: titi la kushoto, namba 2 ya uso wa saa, sm 5 kutoka kwenye chuchu, mm 11 chini ya ngozi. Hapa msomaji wa Kiswahili awe macho. Uso wa saa kwenye titi unasomwa kwa namba zilizochorwa, 12 ikiwa juu, wala si kwa saa tunazotaja mdomoni. Mtu akiandika “saa nane” akimaanisha namba 2, mwingine atakwenda kutafuta namba 8, upande wa chini wa ndani, kwenye pembe iliyo mkabala kabisa na uvimbe. Ni salama kuandika “namba” na kuliacha neno “saa”.

Kisha probu ilizungushwa polepole nusu duara juu ya uvimbe hadi ulipopatikana mstari mrefu kuliko yote. Mstari huo haukuelekea kwenye chuchu. Ulikuwa umeukata mwelekeo wa mirija karibu kwa pembe mraba, na hilo liliandikwa kwenye picha yenyewe. Urefu mm 38. Probu ikageuzwa nyuzi 90: upana mm 31. Kimo kutoka juu kwenda chini: mm 27. Alama za kupimia ziliwekwa kwenye ukingo wa nje wa ule utando mwangavu unaouzunguka uvimbe. Wapo wanaopima ndani ya utando na wapo wanaopima nje. Kwa kuwa utando huo mara nyingi una seli za saratani zinazoingia kwenye tishu jirani, kuujumuisha kuna mantiki. Lakini hata anayeuacha hakosei sana, mradi auache kila mara. Anayeujumuisha siku ya kwanza na kuuacha siku ya pili ameshazalisha “mafanikio” ya milimita 4 au 5 ambayo dawa haikuyafanya.

Vipimo vyote vilichukuliwa kabla ya sindano ya biopsi. Baada ya biopsi kuna damu, kuna uvimbe wa tishu, na mpaka wa saratani hauko wazi tena.

Siku 3 kabla ya dripu ya kwanza, klipu ndogo ya titani iliwekwa katikati ya uvimbe na nyingine, yenye umbo tofauti, ndani ya tezi ya kwapa. Mamografi ya pande mbili ilipigwa papo hapo kuhakikisha klipu ya titi iko ilipotakiwa, kwa sababu klipu huweza kuteleza kwenye njia ya sindano titi linapoachiliwa. Kuna wanaochelewesha klipu hadi waone kama uvimbe unapungua. Kwa saratani hasi tatu kuchelewa ni kamari: uvimbe huweza kuyeyuka kabla hujarudi, na daktari wa upasuaji akabaki bila alama ya mahali pa kukata.

Uwekaji wa klipu ya titi ulitoa damu kidogo. Mtaalamu alibana kwa dakika 10, ikakoma. Hakuna aliyeandika jambo hilo kwenye ripoti ya ultrasaundi. Lilibaki kwenye fomu ya utaratibu, na fomu ikabaki kwenye faili jingine.

Wiki ya nne

Aliyepima wiki ya nne alikuwa mtu mwingine, kwenye mashine nyingine. Alichopewa ni sentensi moja: “Uvimbe wa mm 38, titi la kushoto, juu nje.” Hakuwa na picha. Alimlaza mgonjwa chali, mkono ukiwa ubavuni kwa sababu bega lilikuwa linauma. Akaweka probu kwa mlalo, akaona eneo lenye mwangwi hafifu, yaani lenye giza kwenye picha, akapima kutoka mwisho hadi mwisho. Milimita 40. Akaandika namba moja.

Hakuzembea. Alitafuta mstari mrefu kuliko yote aliouona na akaupima kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba alichopima kilikuwa vitu viwili.

Daktari wa saratani alifanya jambo sahihi kwa sababu moja tu: mkono wake ulipingana na karatasi. Mkono na ultrasaundi vikitofautiana kwa kiasi cha kubadilisha tiba, tiba haibadilishwi mpaka picha irudiwe. Aliomba kipimo kirudiwe kesho yake, kwenye mashine ya mwanzo, picha za siku ya kwanza zikiwa wazi kwenye skrini ya pili.

Kurudia

Mkono ulipandishwa tena taratibu, mto ukaongezwa chini ya kiwiko ili bega lisiumie. Hatua ya kwanza haikuwa kupima. Ilikuwa kuitafuta klipu: kistari kifupi cheupe, milimita 2 hadi 3, kinachong'aa zaidi probu ikikielekea kwa pembe mraba. Klipu ilipopatikana, probu ilizungushwa hadi picha ya leo ikafanana na ya siku ya kwanza kwa alama zisizobadilika: mshipa uleule wa damu pembeni, ubavu uleule chini, unene uleule wa mafuta juu.

Hapo vitu viwili vikajitenga. Kulia kwa picha kulikuwa na uvimbe wenye klipu, mpaka wake ukionekana, na mng'ao nyuma yake kama ulivyokuwa mwanzo. Saratani hasi tatu mara nyingi huwa ya mviringo, mpaka laini, na hupitisha mawimbi vizuri kiasi cha kung'arisha kilicho nyuma yake. Kwa macho ya haraka inafanana na uvimbe usio wa saratani au hata kifuko cha maji. Kushoto kwa picha, umegusana na ukingo wake, kulikuwa na eneo la mm 10 lenye giza linalokaribiana na la uvimbe. Lilikuwa donge la damu iliyobaki tangu siku ya klipu.

Walithibitishaje? Kwanza kwa kubonyeza probu kidogo: donge lilibadilika umbo na chembe zake za mwangwi zikasogea polepole, uvimbe haukubadilika. Pili kwa Doppler, inayoonyesha damu inayotembea: ndani ya uvimbe kulikuwa na mishipa miwili ya damu, ndani ya donge hakuna. Doppler ina masharti yake. Kipimo cha kasi lazima kishushwe ili mtiririko mdogo uonekane, kichujio kiwe cha chini, ukuzaji upandishwe hadi picha ianze kuchafuka kwa madoa kisha urudishwe nyuma kidogo, na mkono usigandamize, kwa sababu mishipa midogo ya titi hufungwa na uzito wa probu tu. Anayeandika “mishipa imepungua” bila kutumia mipangilio ya siku ya kwanza huenda ameandika habari za mkono wake. Tatu kwa elastografia ya mawimbi ya kukata, inayopima ugumu wa tishu: uvimbe ulikuwa bado mgumu, donge laini. Hapa pia jeli nyingi na mkono mwepesi, maana tishu iliyobonyezwa hujionyesha ngumu kuliko ilivyo.

Uvimbe peke yake, kwa mistari mitatu ileile, alama kwenye ukingo wa nje wa utando: mm 30 × 26 × 22. Ongeza donge la mm 10 pembeni, upate 40 za jana yake.

Rula tatu, majibu matatu

Kwa urefu mmoja, uvimbe umetoka 38 hadi 30: umepungua asilimia 21. RECIST inataka angalau asilimia 30 ndipo iite mwitikio wa sehemu, kwa hiyo kwa rula hiyo ugonjwa “umetulia”. Kwa kigezo cha zamani cha Shirika la Afya Duniani, kinachozidisha vipenyo viwili, 1178 imekuwa 780: upungufu wa asilimia 34, wakati kizingiti ni 50. Kwa ujazo, unaopatikana kwa kuzidisha vipimo vitatu na 0.52, sentimita za ujazo 16.5 zimekuwa 8.9: upungufu wa asilimia 46.

Karibu nusu ya uvimbe imeondoka, na bado mtu anaweza kuandika kwa haki “umetulia”. Hakuna aliyedanganya. Kipenyo kikipungua asilimia 30, uvimbe wa mviringo umepoteza karibu asilimia 66 ya ujazo wake. Kwa hiyo hatari ni kuchanganya rula: ripoti ya kwanza itoe kipenyo, ya pili ujazo, na msomaji alinganishe asilimia zao. Katika kufuatilia tiba, inafaa kuandika milimita zote tatu kila mara na kumwachia msomaji afanye hesabu anayoitaka.

Jambo jingine ambalo ripoti za namba moja hulificha ni kosa la mkono. Watu wawili wazuri wakipima uvimbe uleule wanaweza kutofautiana kwa mm 2 au 3. Uvimbe ukiwa na mm 38, tofauti hiyo haina uzito. Ukifikia mm 9, milimita 3 ni theluthi nzima. Ndiyo sababu RECIST, ili iite ugonjwa umekua, haitosheki na ongezeko la asilimia 20 juu ya kipimo kidogo kuliko vyote vilivyowahi kupatikana. Inataka pia ongezeko la kweli la angalau mm 5. Kutoka 38 hadi 40, hata kama pasingekuwa na donge la damu, si kukua kwa ugonjwa kwa kigezo chochote. Namba hiyo ilitisha kwa sababu iliegemea upande mbaya tu.

Uamuzi ulikuwa kuendelea. Mizunguko miwili ni michache, uvimbe ulikuwa unapungua, na paklitakseli, dawa yenye njia tofauti ya kuua seli, ilikuwa inakuja wiki ya nane. Kama kipimo kilichorudiwa kingeonyesha kweli mm 45 kwenye mstari uleule, kuzunguka klipu ileile, hatua ingekuwa MRI haraka na kikao cha madaktari wote wanaohusika, kabla ya kumwaga dawa nyingine ambayo uvimbe umeikataa.

Wiki ya nane hadi ya kumi na nne

Kila kipimo kilipangwa siku moja au mbili kabla ya dripu inayofuata. Wiki ya nane uvimbe ulikuwa mm 21 × 17 × 15, ujazo 2.8. Katikati kulikuwa na maji kidogo, mm 6, tishu iliyokufa ikayeyuka. Hili linahitaji uangalifu. Uvimbe unaweza kubaki na kipenyo kilekile huku ndani umekufa wote, hasa katika saratani zinazokua haraka. Hapo namba haitembei lakini tiba inafanya kazi. Ripoti iandike ukubwa wote na unene wa sehemu ngumu iliyobaki pembeni, kila kimoja peke yake. Donge la damu lilikuwa limekwisha.

Wiki ya kumi na nne, kabla ya paklitakseli ya saba: 14 × 10 × 9, ujazo 0.66. Mpaka ulianza kupotea. Uvimbe wa hasi tatu kwa kawaida husinyaa kuelekea katikati kama huu ulivyofanya, na huo ndio mwenendo ambao ultrasaundi huufuata vizuri. Saratani zenye vipokezi vya homoni mara nyingi huvunjika vipande vilivyotawanyika ndani ya eneo la zamani. Huko, anayepima kipande kikubwa peke yake atatangaza ushindi usiokuwepo. Inabidi aandike pia umbali kutoka kipande cha mwisho upande huu hadi cha mwisho upande ule.

Chembe za chokaa hazikuwepo kwa mgonjwa huyu. Zingekuwepo, mamografi ingehitajika mwishoni, kwani ultrasaundi haizioni vizuri, chembe hazitoweki kwa sababu tu seli zimekufa, na eneo lake mara nyingi linapaswa kuondolewa lote.

Kwapa

Tezi yenye klipu siku ya kwanza ilikuwa ya mviringo, gamba lake mm 7, kitovu cha mafuta kimebanwa hadi hakionekani. Tezi ya kawaida ina umbo la haragwe, kitovu cheupe cha mafuta, na gamba lisilozidi mm 3. Kwenye tezi, unene wa gamba na umbo lake vina maana kuliko urefu. Tezi nzuri inaweza kuwa na sm 2 kwa sababu imejaa mafuta. Wiki ya nane gamba lilikuwa mm 4, wiki ya kumi na nne mm 3, mwishoni mm 2.5 na kitovu kimerudi.

Chanjo iliyochomwa mkono wa upande uleule huvimbisha tezi za kwapa kwa wiki kadhaa. Mgonjwa aulizwe kabla ya probu kugusa kwapa, na chanjo zikihitajika wakati wa matibabu zichomwe mkono wa pili.

Kipimo cha mwisho

Wiki ya ishirini na moja, baada ya paklitakseli zote 12, eneo lenye giza kuzunguka klipu lilikuwa mm 9 × 6 × 5. Ujazo 0.14, yaani zaidi ya asilimia 99 ya ule wa mwanzo imeondoka. Hakuna mtiririko wa damu. Mng'ao wa nyuma umekwisha, badala yake kuna kivuli chepesi. Ugumu umeshuka.

Ripoti ya kwanza iliyoandikwa ilisema “mabaki ya saratani mm 9”. Ilirudishwa ikasahihishwa, na ilistahili kurudishwa. Kwa wakati huu ultrasaundi haina uwezo wa kutofautisha kovu na seli hai: vyote viwili huonekana giza, vyote viwili huweza kutupa kivuli. Kinyume chake nacho ni kweli, seli zilizotawanyika kwenye tishu ya kawaida hazionekani kabisa. Ripoti iliyosahihishwa ilisema: eneo lenye mwangwi hafifu mm 9 × 6 × 5 kuzunguka klipu, bila mtiririko unaoonekana, huenda ni kovu, mabaki, au vyote viwili, tezi yenye klipu ina gamba mm 2.5 na umbo la kawaida. Ni sentensi ndefu kuliko ile ya mwanzo, na inamsaidia daktari wa upasuaji zaidi, kwa kuwa inamweleza akate kuzunguka klipu na asisubiri kuhisi uvimbe kwa vidole.

Hata kwapa linaloonekana safi halikuruhusu tezi iliyougua kuachwa. Jaribio la ACOSOG Z1071 lilifanywa kwa wanawake wenye tezi zilizothibitishwa kuwa na saratani kabla ya dawa. Uchunguzi wa tezi mlinzi (zile za kwanza kupokea maji yatokayo kwenye titi) baada ya kemotherapi ulikosa saratani iliyobaki kwa asilimia 12.6 ya waliokuwa nayo, juu ya kizingiti cha asilimia 10 walichojiwekea watafiti. Tezi iliyowekewa klipu ilipokuwa miongoni mwa tezi mlinzi zilizotolewa, kukosa kulishuka hadi asilimia 6.8. Klipu ya kwapani ilikuwa na kazi hiyo.

Upasuaji na patholojia

Upasuaji ulifanywa wiki ya nne baada ya dripu ya mwisho. Sehemu ya titi iliondolewa kwa kuelekezwa na waya uliowekwa kwa ultrasaundi kwenye klipu, na kipande kilipigwa eksirei papo hapo kuona klipu imo. Tezi yenye klipu ilitafutwa kwa njia hiyohiyo, ikatolewa pamoja na tezi mlinzi mbili.

Kwenye titi, patholojia ilikuta kovu la mm 11 lenye seli za kinga zilizokula mabaki, na hakuna hata seli moja ya saratani vamizi. Zile mm 9 za ultrasaundi zilikuwa kovu tupu.

Kwenye tezi yenye klipu, ile yenye gamba la mm 2.5, umbo la haragwe na kitovu kizuri cheupe, kulikuwa na kisiwa cha saratani cha mm 1.5. Tezi mlinzi mbili hazikuwa na kitu. Jibu likawa ypT0 ypN1mi: baada ya dawa, titi halina saratani, tezi ina kisiwa kidogo sana. Kisiwa kisichozidi mm 2 huhesabiwa kidogo kwa mgonjwa aliyeanza na upasuaji. Baada ya kemotherapi ni seli zilizopona dawa, na mgonjwa hahesabiwi kuwa na mwitikio kamili.

Kwa sababu hiyo aliondolewa tezi za kwapa, akapangiwa mionzi ya titi na eneo la tezi, na kapesitabini baada ya hapo. Dawa hiyo huongezwa kwa wagonjwa wasio na HER2 waliobaki na saratani baada ya kemotherapi, kufuatia jaribio la CREATE-X la Japani na Korea Kusini lililochapishwa 2017, ambapo faida ilionekana wazi zaidi kwa wenye hasi tatu. Humo ilitolewa mg 1250 kwa kila mita ya mraba, mara mbili kwa siku, siku 14 katika kila 21, mizunguko 6 hadi 8.

Kipimo cha ultrasaundi cha kufuatilia kovu lake kimepangwa pamoja na mamografi ya mwaka wa kwanza. Safari hii picha zote, za tangu siku ya kwanza, zimo kwenye faili moja, na fomu ya donge la damu imo pamoja nazo.